Muulize Mama Mchungaji: Wigi, mnada na mambo ya kujionesha

Jamani mwezi huu simu yangu imejaa, na karibu maswali yote yanaangukia sehemu moja, urembo, sifa, kujionesha, ipi ni sawa na ipi ni dhambi. Nimechukua machache maana mengi yanafanana. Majina sitaji, wenyewe mnajijua.

SWALI: Bwana asifiwe Mama. Mimi ni binti wa miaka 27 niko Morogoro, nimeokoka na ni mwanakwaya. Jumapili moja mzee wa kanisa alinisimamisha nje baada ya ibada, watu wanasikia, akasema wigi langu na kucha zangu ni roho ya Yezebeli na nisipoacha sitauona ufalme. Nililia sana. Wigi nimelivua ila moyoni bado sijui kama kweli nilikuwa natenda dhambi au ni mambo ya mzee tu. Kujipamba ni dhambi?

JIBU: Asifiwe sana mwanangu, na pole. Kukemewa mbele za watu kunaumiza, na Mathayo 18:15 inasema ndugu yako akikosa mwendee mkiwa wawili tu, kwahiyo hata kama mzee alikuwa na hoja, pale nje ya kanisa hapakuwa mahali pake.

Sasa tuanze na Yezebeli maana huyu mama anasingiziwa mengi. Ni kweli 2 Wafalme 9:30 inasema alitia wanja machoni, akapamba kichwa, akachungulia dirishani siku Yehu anakuja kummaliza. Lakini hebu soma makosa yake: aliwaua manabii wa Bwana, akapanga mashahidi wa uongo ili Nabothi apigwe mawe na shamba lake la mizabibu lichukuliwe. Wanja haumo kwenye kesi. Ingekuwa wanja na vito ndo kosa basi na Rebeka tungemtia humohumo, maana mtumishi wa Ibrahimu katoka kuomba pale kisimani akamvisha pete ya dhahabu na vikuku viwili vya shekeli kumi, soma Mwanzo 24, na hakuna aliyekemewa. Afu kuna Ezekieli 16 ambayo wahubiri wengi wanaipita haraka, Mungu mwenyewe anaongea kama mume anayempamba mkewe, anamvalisha hariri, bangili, mkufu, pete puani, mpaka taji kichwani. Tatizo linaanza mstari wa 15 pale yule mke alipoanza kuutumainia uzuri wake na kumsahau aliyempamba.

Najua utaniuliza, na 1 Petro 3:3 je? Petro anasema kujipamba kwenu kusiwe kwa nje, kusuka nywele, kujitia dhahabu na kuvalia mavazi. Ukiuchukua mstari huo kama marufuku, basi sio kusuka tu kulikokatazwa, hata nguo zimekatazwa, na mzee wetu sidhani kama anataka kanisa zima lije uchi. Petro anaongelea urembo wako wa kutegemea uko wapi, ndo maana anamalizia na roho ya upole na utulivu. Na kule kwenye dola ya Roma wanawake wenye hela walikuwa wanatengenezwa vichwa na watumwa wao, nywele zinapandishwa ghorofa kwa ghorofa, kichwa kinatangaza utajiri wa mume kabla mama hajafungua mdomo. Ukiingia hivyo kwenye ibada ya nyumbani ambapo nusu ya waliokaa chini ni watumwa, unadhani wao wanajisikiaje? Yakobo sura ya 2 anazungumza jambo hilohilo, mwenye pete ya dhahabu anapewa kiti kizuri, maskini anaambiwa kaa pale chini.

Halafu Isaya 3, ile orodha ndefu ya njuga na vikuku vya binti za Sayuni, wanaoihubiri huwa wanaanzia mstari wa 16. Rudi nyuma hadi wa 14 na 15 uone Mungu alichokasirikia, mali za maskini zilizonyang'anywa zimo ndani ya nyumba zenu, mnazisaga nyuso za maskini. Kwahiyo swali la kwanza kuhusu wigi lako, kabla ya urefu wake na rangi yake, ni hela imetoka wapi na nani kakosa ili wewe uvae. Wigi la elfu thelathini ulilonunua kwa jasho lako ni jambo moja. Wigi la laki nne la kukopa kikoba wakati mama yako kijijini anaomba elfu kumi ya dawa unamwambia sina, hiyo ni dhambi mwanangu, hata kama wigi lenyewe lingekuwa fupi na la heshima kiasi gani.

Swali la pili ni gumu zaidi na hilo mimi siwezi kukujibia. Ukitoka bila hizo kucha na kope unajionaje? Kama unajiona kawaida tu, sawa. Kama unashindwa kwenda msibani kwa sababu hujatengenezwa, au ukiingia kanisani jicho lako la kwanza linatafuta nani kakuona, hapo kuna kitu kimekaa kwenye kiti kisicho chake. Na kama umeolewa na unajipamba umpendeze mumeo, Paulo kwenye 1 Wakorintho 7 analitaja kama jambo la kawaida kabisa la ndoa, na Thomas Aquinas, mwanateolojia mkubwa wa karne ya 13, aliutumia mstari huohuo kusema mke hakosi kwa hilo.

Ila kama kanisa lenu lina utaratibu wake uheshimu. Wasabato wengi hawavai vito kabisa na ni watu wazuri tu, wanajua kwanini wanafanya. Utaratibu ni utaratibu, usije tu ukageuzwa kuwa tiketi ya mbinguni.

Na huyo mzee, sitaki kumsema vibaya, labda ana uchungu wa kweli na vijana. Lakini kuna mtawa wa zamani anaitwa John Cassian, alikaa na watawa wa jangwani kule Misri mwishoni mwa karne ya 4, akaandika kwamba shetani akishindwa kumletea mtu majivuno kwa nguo nzuri humletea kwa nguo chakavu. Akasema wazee wa kule waliifananisha dhambi hii na kitunguu, unamenya ganda moja unakuta lingine. Nimeona kanisani watu wanaojivunia wigi na nimeona wanaojivunia kutovaa wigi, na kwakweli hao wa pili ndo wagumu zaidi kuwaombea, kwa sababu wanadhani wameshapona.

SWALI: Shikamoo Mama Mchungaji. Mimi ni mke na mama wa watoto watatu, tuko Arusha. Mume wangu anapenda sana mnada baada ya ibada. Mwezi uliopita trei moja ya mayai alipandisha mpaka elfu themanini, watu wanapiga vigelegele, halafu akairudisha iuzwe tena. Nyumbani ada ya mtoto haijaisha na mimi naombaomba hela ya mboga. Nikimwambia ananijibu namzuia asimtolee Mungu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hili swali nimelisoma mara kadhaa maana linatugusa na sisi tunaosimama mbele.

Kwa wasioujua mnada: watu wanaleta sadaka ya vitu, kuku, mkungu wa ndizi, mayai, mahindi, na ibada ikiisha vinauzwa hapohapo nje hela inaingia kanisani. Ni jambo zuri, mkulima asiye na shilingi mkononi anatoa alichonacho. Shida inaanza pale mwenye kipaza sauti anapoujua udhaifu wa wanaume. "Elfu hamsini mara ya kwanza! Jamani bosi wetu leo kanyamaza?" Bosi hanyamazi. Kuna mtu kule nyuma kataja elfu hamsini na tano, na bosi hawezi kukubali amshinde mbele ya shemeji zake. Hapo hakuna anayekumbuka mayai, na sijui kama kuna anayemkumbuka Mungu.

Yesu aliongea kuhusu hili kuliko alivyoongea kuhusu nywele. Kwenye injili zote nne sijakuta mahali alipomkemea mwanamke kwa kusuka. Lakini Mathayo 6 anasema ukitoa sadaka usipige panda, yaani tarumbeta, mbele yako, Mathayo 23 anawachambua wanaopenda viti vya mbele, salamu za sokoni na kuitwa Rabi, hata matamvua ya nguo wameyarefusha ili waonekane watakatifu. Ajabu ni kwamba sisi makanisani kwetu tunapima urefu wa sketi kwa macho makali, afu panda tunaishikilia sisi wenyewe. Tunajua kabisa kwamba sifa zinaleta hela, ndo maana majina ya wenye bahasha nono yanasomwa mwanzo. Mjane wa Marko 12 angekuwa kwetu senti zake mbili zingesomwa kwenye "na wengineo".

Kuhusu nyumbani kwako, 1 Timotheo 5:8 iko wazi, asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani na ni mbaya kuliko asiyeamini. Kwahiyo humzuii kumtolea Mungu, ada ya mtoto nayo ni wajibu aliopewa na Mungu huyohuyo. Ila usimwambie mkiwa mnatoka mnadani, moto bado uko kichwani na wenzake wanamsubiri. Subiri siku hela zinaingia, kaeni na daftari, andikeni ada, kodi, chakula, halafu mkubaliane sadaka kabla ya Jumapili, zote mbili, ya bahasha na ya mnada. Mpe nafasi aipange yeye hiyo ya mnada, asijione kanyang'anywa uanaume. Mwombe mara moja tu ajaribu kutoa hiyohiyo elfu themanini kwa bahasha isiyo na jina. Akikubali bila shida mshukuru Mungu, alikuwa anatoa kweli. Akigoma, sasa mna kitu cha kuongea na sio lazima wewe ndo umwambie, atakuwa ameshajiona. Na kama hamfiki popote mwone mchungaji wenu faragha, sio kumshtaki mume, ni kumwomba anayeendesha mnada apunguze kuwachokoza watu kwa majina.

SWALI: Mama nina miaka 41, mvi zimenijaa kichwani. Nikipaka rangi nyeusi nakosea? Msomaji wa kiume, Mwanza.

JIBU: Paka kaka. Ila usidanganye umri kwa binti unayetaka kumuoa, hiyo ni mada nyingine.

SWALI: Na mkorogo je? Marafiki zangu wote wameng'aa nimebaki mimi.

JIBU: Hapana mwanangu. Vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku nchini, na zebaki inaharibu figo, kwahiyo hata kabla hatujafika kwenye mambo ya roho mwili wako wenyewe unakataa. Afu mambo ya roho nayo yapo, kujipaka rangi ya mdomo ni kupamba ulichopewa, lakini kuichubua ngozi kwa sababu umeaminishwa weusi ni kasoro ni kumwambia Muumba alikosea. Na waliokuaminisha hivyo wanauza kopo.

SWALI: Mama, umoja wetu wa vijana tulienda kituo cha watoto yatima tukapeleka mchele na sabuni, tukapiga picha tukaweka stetasi. Mwenzetu mmoja akasema thawabu yetu tumeshaipata hapa hapa duniani. Wengine wakamjibu Yesu alisema nuru yenu iangaze. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mistari yote ni ya Yesu tena hotuba ileile ya mlimani, Mathayo 5:16 watu wayaone matendo yenu mema, 6:1 angalieni msifanye wema machoni pa watu ili mtazamwe na wao. Neno la kushika ni hilo "ili". Ile ya kwanza inaishia watu wamtukuze Baba, ya pili inaishia watu wawatazame ninyi. Aquinas ana njia nzuri ya kulipima hili, anasema sifa inakuwa bure kwa namna tatu: unasifiwa kwa kitu kisicho na thamani, unaitafuta kwa watu wasioweza kupima, au huielekezi kwenye utukufu wa Mungu na faida ya jirani. Kwahiyo tazameni zile picha. Katikati ya picha kuna nani? Kama ni mchele na namba ya kituo ili wengine wachangie, sioni shida. Kama ni mwanakamati kavaa miwani kambeba mtoto ambaye hata jina lake hamlijui, anatabasamu kwenye kamera, mtoto kakodoa macho, basi huyo mwenzenu kasema kweli. Na yule mtoto atakua, ataikuta hiyo picha, hamkumuomba ruhusa. Zenye sura za watoto zitoeni leo.

SWALI: Mimi naimba solo kwaya yetu hapa Dodoma. Watu wakipiga makofi nasikia raha sana, na nikirudi nyumbani nasikiliza rekodi ya sauti yangu tena na tena. Nimeanza kuogopa, nafikiria niache kuimba kabisa.

JIBU: Usiache. Kufurahia kazi iliyotoka vizuri sio dhambi, hata fundi akimaliza meza anaizunguka kuiangalia. Na kuacha kuimba ili usijivune kunaweza kukuletea majivuno ya kwamba uliacha, ganda lingine la kile kitunguu. Rekodi sikiliza, ila sikiliza na pale ulipokosea noti. Halafu fanya hivi, ongea na mwalimu wa kwaya, Jumapili ijayo ubeti wa pili apewe yule dada wa sauti ya kwanza ambaye kila siku mnasema yuko vizuri lakini hapewi. Akipigiwa makofi kuliko wewe, niandikie uniambie ulijisikiaje.