Dobermann hapa Unguja: wangu wa maonyesho na wangu wa mnyororo

Assalaam alaykum. Yakhe wa Fumba, umeuliza kuwa umepewa jike la mbwa wa mbegu ya Dobermann lililoachwa na wenyewe, na mtu mwengine anakuuzia mtoto wa mbegu ya maonyesho kutoka Nairobi. Unataka kujua yupi atafaa kulinda nyumba, na vipi utaishi naye sisi Waislamu tunaochunga tohara, yaani usafi wa ibada. Nimeishi na wote wawili, dume wa maonyesho na jike niliyemtoa kwenye mnyororo, na niliwapenda sawasawa. Nitajibu kwa urefu.

Kwanza, kama kulinda kwako ni kumfunga getini usiku na mchana, usichukue hata mmoja. Aliyeanzisha mbegu hii, Karl Friedrich Louis Dobermann wa mji wa Apolda, Ujerumani, alikuwa mkusanya kodi wa karne ya 19 na kazi nyengine ilikuwa kukamata mbwa wazururaji wa mji. Alitaka mbwa wa kwenda naye ubavuni akiwa na fedha za watu mkononi. Mbwa huyu kazi yake ni kuwa karibu na mtu wake. Mtenge peke yake, akili inamharibika. Wapo wanaojinyonya ubavu mchana kutwa mpaka manyoya yanatoka na ngozi inakuwa kidonda.

Jike wangu nilimwita Asali, kwa rangi yake ya kahawia. Alikuwa wa hoteli moja ya pwani ya mashariki. Meneja akaondoka, mbwa akabaki kafungwa kwenye shina la mnazi, mlinzi akimlisha kwa huruma zake tu. Nilipomkuta, mnyororo ulikuwa umezama shingoni. Pingili za upande wa koo hazikuonekana kabisa, nyama ilikuwa imezifunika, na harufu ilikufikia kabla hujamkaribia. Daktari wa mifugo alimlaza kwa sindano, tukakata mnyororo kwa mkasi wa chuma, kisha akazitoa pingili moja moja na koleo huku mie nikishika taa. Pale palipopona manyoya yaliota meupe, duara zima la shingo. Mpaka leo nikiona mbwa kafungwa kwa mnyororo mtupu nasimamisha gari na kuzungumza na mwenyewe.

Tufani, yule dume, nilimpata nilipokuwa nikifanya kazi Nairobi, na huko ndiko nilikomwingiza kwenye maonyesho ya mbwa ya chama cha East Africa Kennel Club. Watu hudhani maonyesho ni urembo. Mwamuzi humfungua mbwa mdomo, anaangalia meno yanavyokutana na kama yametimia yote 42, anapapasa kifua, mgongo na mapaja, dume anashikwa mpaka korodani kuhakikisha zote mbili zimeshuka. Kisha anamtazama akitembea na kurudi. Dume anatakiwa awe na sentimita 68 hadi 72 begani, na urefu wa mwili ukaribiane na kimo chake. Mbwa mwenye kilo zaidi ya 40 anasimama kimya, mtu asiyemjua anamtia vidole mdomoni! Hilo halipatikani kwa ukali. Tulilifanya nyumbani kila jioni, dakika chache tu: namgusa mdomo, namsifu, nampa kipande cha nyama, namshika mguu, namsifu, nampa.

Na hapa ndipo penye jibu langu. Mazoezi yale yale ya maonyesho ndiyo yaliyomponya Asali. Alikuwa akiona mkono unainuka anajikunja na kuonyesha meno. Nikaanza naye kama nilivyoanza na Tufani, ila polepole zaidi: wiki za mwanzo nilikaa chini tu, nimempa mgongo, nyama iko kwenye kiganja. Baadaye bega, baadaye sikio, shingo mwisho kabisa. Siku daktari alipomchunguza meno bila kumfunga mdomo nilitokwa na machozi mbele ya watu. Wahenga wamesema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Na wa mtu mpole naye hujifunza upole, hata akiwa kapigwa miaka.

Kuhusu tohara. Wewe na mie ni wa madhehebu ya Shafi, najisi ya mbwa kwetu ni nzito: mate yake au mwili wake wenye majimaji ukikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Kavu kwa kavu hainajisi. Na mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa. Anayesema Mzanzibari hafugi mbwa hajakaa na wasasi wa vijijini kwetu wanaowinda nguruwe. Mpango wangu ni huu: banda liko uani, limeegemea ukuta wa jiko wenye dirisha la wavu. Anatusikia, anatuona tukipika, tunasema naye kutwa, lakini kizingiti havuki. Nje ya mlango kuna msumari wenye shati na suruali kuukuu za kazi hiyo, viatu vya mpira, pipa la maji, kata, na ndoo ya udongo safi. Nikitoka kwake naosha hapo, navua hapo, nakwenda msikitini moyo mweupe. Vyombo vyake havichanganyiki na vyetu. Bibi wa jirani, aliyekuwa hapiti mbele ya geti letu, alikuja kuzoea hata akawa ananiletea vichwa vya changu nimchemshie Asali (miba niiondoe yote, alisisitiza). Hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa, sote tumeisoma chuoni.

Afya. Kupe ndio adui wetu mkubwa hapa, kwa maradhi ya damu wanayoyaleta. Ukiona ufizi umepauka au damu inatoka puani, siku hiyo hiyo kwa daktari. Mbegu hii pia ina ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda vizuri, basi kabla ya upasuaji wowote mkumbushe daktari. Chanjo ya kichaa usiiruke: Pemba kilitoweka 2014, kikarudi 2016, na chanjo ndiyo iliyokimaliza tena 2018. Kaskazi likipamba moto mtembeze baada ya Alfajiri na baada ya Magharibi tu. Masikio mwachie, Ujerumani kwenyewe kuyakata ni marufuku.

Moyo ndio uliomchukua Tufani. Utafiti wa Ujerumani wa 2010 ulikuta zaidi ya nusu ya mbwa hawa hupata maradhi ya misuli ya moyo wakiishi vya kutosha. Alianza kwa kuchoka njiani, akazimia mara moja, dawa ikatusogeza kidogo. Kwa hiyo huyo muuzaji wa Nairobi muulize kwanza moyo wa mama na baba umepimwa lini, kwa picha na kwa mashine ya mapigo ya saa 24. Asipokuwa na karatasi, usimpe hela, hata kama baba ana vikombe kabati zima.

Mie ningekuwa wewe ningemchukua yule jike. Ameshakua, tabia yake unaiona leo hii, na jike ni mwepesi kwa mwili, rahisi kwa nyumba yenye watoto. Nenda ukakae naye jioni kadhaa kabla ya kumhamisha, mpeleke akapimwe damu, kisha niandikie uniambie anafanya nini unapomgusa bega.