Barua kwa mwanangu: kwa nini bado napanda Hamsini na Saba

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza, tena kwa ukali kidogo: "Baba, umestaafu, magari ya abiria yapo, na huna unachokwenda kuuza Matamba. Hiyo pikipiki unaipandishia nini milimani?"

Kweli siuzi kitu. Naenda kwa raha zangu. Hapa Chimala, Mbeya, jua likishachomoza, joto la bonde la Usangu halichelewi, shati linaganda mgongoni. Naiacha lami ya barabara ya Zambia, naingia kwenye vumbi, kona zinaanza, zote hamsini na saba. Za mwanzo ni harufu ya nyasi kavu. Huko katikati ubaridi unaanza kupenya mikono ya koti. Nikisimama nikageuka, Usangu yote iko chini, majaruba ya mpunga yanang'aa. Ndani ya gari nawe ungeyaona hayo dirishani, kama jirani hajakulalia begani. Ila ule ubaridi unaozidi kona kwa kona, huo anaupata wa pikipiki tu.

Ukishapita Matamba unatokea uwanda wa Kitulo, karibu mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Nyasi mpaka macho yachoke. Hewa ni nyepesi, injini inapoteza kama robo ya nguvu zake. Gia ya tatu ikigoma narudi ya pili, tunakwenda mdogo mdogo. Pale ndipo watu wanapopaita Bustani ya Mungu. Mvua zikikolea, uwanda unajaa maua, na okidi peke yake zipo aina zaidi ya arobaini. Mizizi yake ilikuwa ikichimbwa kupelekwa Zambia kupikwa chikanda, chakula cha huko, nadhani tungebaki na nyasi tupu kama pasingefanywa hifadhi mwaka 2005. Maua lakini siyaangalii juu ya pikipiki. Naiegesha, natembea kwa miguu.

Sasa hiyo hofu yako ya kushuka. Sizimi injini nikaserereka kuokoa mafuta kama wafanyavyo vijana wa bodaboda. Naweka gia ya kwanza, injini ishike uzito, breki naigusa tu. Ukiikandamiza kona zote hizo inapata moto na kulegea. Kona nisiyoona mbele napiga honi, maana lori la viazi likikata pale linachukua barabara nzima. Mvua ikinyesha usiku siendi, udongo ule ukilowa ni utelezi mtupu. Na ukungu haunikuti juu: saa nane mchana nimeshashuka, nakunywa chai.

Februari ukipata likizo njoo twende. Kofia ngumu ya pili ipo. Mama yako haitaki, anasema inamharibia nywele. Beba sweta nzito, hizo zenu za Dar hazifai kitu huku.

Baba yako