Jibu: Kupiga kambi mara ya kwanza, nianzie wapi?
Dada, umeuliza uanzie wapi na ubebe nini. Mimi nakushauri Hell's Gate, hifadhi ya taifa iliyo Naivasha, Kenya: unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli, na kuna sehemu za kupigia kambi humo humo hifadhini. Hema azima kwanza, usikimbilie kununua. Wengi huadhibiwa na baridi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku ubaridi hupanda kutoka ardhini, kwa hiyo godoro jembamba chini yako litakufaa kuliko blanketi la pili. Simika hema kabla ya magharibi, tena mbali kabisa na korongo. Mvua iliyonyesha kwingine huleta mafuriko ghafla humo korongoni. Chakula kifungie garini, nyani wapo.