Kununua jina la mkahawa Romania: maswali yenu

Wasomaji wetu walioko Romania, na wengine wanaojiandaa kwenda, wametuuliza kuhusu fransaizi: kulipia haki ya kufungua duka la kahawa kwa jina na utaratibu wa mtu mwingine.

Nina akiba ya kiasi, nataka kufungua Starbucks Bucharest. Nianzie wapi?

Kwa duka moja huwezi kuipata. Starbucks iliingia Romania mwaka 2007 kupitia Marinopoulos ya Ugiriki, na tangu 2015 maduka hayo yako mikononi mwa AmRest, kampuni iliyokulia Poland. Leseni ya aina hiyo hupewa kampuni yenye uwezo wa kuendesha nchi nzima.

Mwenye mtaji mdogo aangalie mitandao ya wenyeji, ile yenye vyumba vya mita za mraba 15 hadi 30 vinavyouza kahawa ya kubeba. Unaojulikana zaidi ni 5 to go. Ulianza Bucharest mwaka 2015 ukiuza kila kitu kwa lei 5 (lei ni sarafu ya Romania, ikiwa moja huitwa leu), ndiyo asili ya jina, kisha ukaenea hadi mamia ya maduka, mengi yakiwa ya watu walionunua haki ya jina.

Nitajuaje kama duka litajilipa? Kila ninayemuuliza ananitajia mauzo ya mwezi.

Mauzo ya mwezi hayakwambii kitu. Hesabu wateja kwa siku. Tuchukue mfano, nawe ubadilishe tarakimu kulingana na eneo lako.

Mteja mmoja anaacha wastani wa lei 12 baada ya kutoa VAT. Kahawa, maziwa, kikombe na kifuniko vinakula lei 4. Mrabaha (malipo ya kutumia jina) na ada ya matangazo, tuseme asilimia 6 kwa pamoja, vinachukua karibu lei 0.7. Unabaki na lei 7.3.

Sasa gharama za mwezi: pango lei 5,000, barista (waandaaji kahawa) wawili pamoja na makato ya mwajiri lei 10,000, umeme, mhasibu na matengenezo lei 4,000, marejesho ya mkopo wa vifaa lei 3,000. Jumla ni 22,000. Gawanya kwa 7.3 upate wateja 3,014, yaani takriban 100 kila siku kwa siku 30, na hapo hujaweka hata leu moja mfukoni.

Wengi huteleza katika mambo mawili. La kwanza ni saa za kazi. Duka linalokaa wazi kwa muda wa saa 12 kila siku, siku 30, linahitaji saa 360, na wafanyakazi wawili wa saa 40 kwa wiki hawazifikishi. Kisha kuna likizo, ambayo kisheria haipungui siku 20 za kazi kwa mwaka. Ukiongeza mfanyakazi wa nusu muda kwa lei 2,500, unahitaji wateja 112 kwa siku. La pili ni mtaa wenyewe. Katika eneo la ofisi wikendi hakuna mtu, kwa hiyo gharama zile za kwanza, 22,000, unazigawa kwa siku 22 na kila siku inakudai wateja 137. Kabla ya kusaini chochote, simama mbele ya mlango huo kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne, siku tatu tofauti, Jumamosi ikiwemo, uhesabu wanaopita wakiwa na kikombe mkononi.

Kumbuka pia kwamba pango la biashara Romania kwa kawaida huandikwa kwa yuro ilhali wewe unauza kwa lei. Leu ikishuka, pango linapanda bila mwenye nyumba kukugusa.

Nimeletewa mkataba. Nisome nini kwanza?

Kabla ya mkataba, dai hati ya taarifa kuhusu biashara unayoinunulia jina. Sheria ya fransaizi ya Romania, Ordonanța 52/1997 iliyorekebishwa mwaka 2019, inamtaka mwenye jina akupe hati hiyo kabla hujasaini, na awe ameendesha biashara hiyo mwenyewe kwa angalau mwaka mmoja kabla ya kuanza kuwauzia wengine. Akikwepa kuitoa, ondoka.

Kisha linganisha muda wa mkataba na muda wa pango. Mkataba wa miaka mitano juu ya pango la miaka miwili ni hatari: mwenye nyumba akikutoa, bado unaweza kudaiwa na mwenye jina. Tazama kama eneo lako limelindwa dhidi ya duka jingine la jina hilo, na limelindwa kwa mipaka gani. "Eneo la kipekee" lisilo na ramani wala umbali kwa mita ni maneno matupu. Mwisho, soma nani anamiliki mashine siku mnapoachana.

Mwenye jina anaweza kunipangia bei?

Anaweza kupendekeza bei au kuweka kiwango cha juu. Chini ya sheria za ushindani za Umoja wa Ulaya (Kanuni 2022/720) hawezi kukulazimisha bei maalumu au ya chini kabisa. Ofa fupi ya punguzo kwa mtandao mzima, ya wiki mbili hadi sita, huweza kukubalika.

Kahawa yangu ni chachu asubuhi, ikifika mchana inakuwa chungu. Mashine ni mbovu?

Huenda siyo. Uchachu ni dalili kwamba maji yamepita haraka mno au hayajapata moto wa kutosha. Uchungu ni kinyume chake. Asubuhi mashine inataka muda wa kupata moto hadi kwenye kishikio cha unga chenyewe, si taa ya kijani tu. Wakati wa foleni kisagio nacho kinapata joto na usagaji unabadilika.

Pima kwa mizani: gramu 18 za unga, gramu 36 za kahawa kikombeni, sekunde 25 hadi 30. Ikitoka kwa sekunde 18, saga laini zaidi. Ikivuta hadi 40, saga kwa chembe kubwa zaidi. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kila ukigusa kisagio mwaga gramu chache za kwanza, kwa sababu unga wa zamani umebaki ndani. Rudia kipimo saa nne na saa nane mchana. Ikiwa vipimo viko sawa na ladha bado mbaya, kagua kichujio cha maji: ukoko wa chokaa huua mashine polepole, na mikataba mingi inamtwisha mwenye duka gharama hiyo.

Naweza kuuza dukani kwangu kahawa ya kwetu Kagera?

Ndani ya fransaizi, mara nyingi hapana. Mkataba hukufunga kununua mchanganyiko wa mtandao, na sheria inauruhusu ufungaji huo pale unapolinda ladha inayofanana. Kauze kwa mkaangaji anayeulisha mtandao. Robusta ya Kagera inaingia vizuri katika michanganyiko ya espreso, kwa kuwa robusta hutoa povu zito na ladha nzito. Mpelekee sampuli ya gramu 300 hadi 500 za kahawa mbichi, unyevu asilimia 10 hadi 12. Kahawa mbichi haitozwi ushuru wa forodha kuingia Umoja wa Ulaya. Mkaangaji atakuuliza vilevile mahali shamba lilipo, kwa ajili ya Kanuni 2023/1115 ya Umoja huo dhidi ya ukataji misitu. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wameshaanza kuomba majira-nukta (vipimo vya GPS) ya shamba, basi yakusanye kutoka chama cha ushirika kabla sampuli haijaondoka Bukoba.