Ukiona boneti ya mwenzio imeharibika, mwambie

Juzi chalii mmoja wa Moshi kanitumia picha ya gari yake, Crown nyeusi, kaipiga polishi mwenyewe kwa mara ya kwanza, kaandika "kaka nimetisha au sijatisha?" Nikaikuza picha nikaona miduara imejaa boneti nzima kama utando wa buibui, ile inayobaki ukipita na mashine ya kuzunguka na pedi ngumu halafu hujamalizia na laini. Kwenye grupu wenzake washamwagia emoji za moto na makofi. Mimi nilikaa na simu karibu saa nzima nisijue nimjibu nini, maana hiki kitu kilinikuta.

Nilikuwa na Forester ya bluu, naishi Sakina hapa Arusha, ndo nimenunua mashine yangu ya kwanza ya polishi. Kila Jumapili naposti, kila Jumapili nasifiwa. Hakuna hata mmoja aliyeniambia polishi ina mafuta, na yale mafuta yanajaza mikwaruzo, kwa hiyo picha ya siku ileile inadanganya, ukiosha mara mbili tatu mikwaruzo inarudi palepale. Na walikuwa wanajua, wengine ndo kazi yao kabisa! Basi mimi nikajiona nimeiva, nikapitisha mashine kwenye ukingo wa boneti, pale kliya, ule utando wa juu unaong'aa na kulinda rangi, huwa nyembamba, nikaichoma hadi ikatoka. Kupiga rangi upya ikanitoka laki mbili na ushee.

Hela sio iliyoniuma. Fundi mmoja niliyekuwa namheshimu sana aliiangalia mbele ya watu, akacheka, akasema huyu arudi kuosha bodaboda. Miaka imepita na nikikutana naye mjini bado moyo unabana.

Aliyenisaidia ni kaka mmoja wa Njiro. Aliniita pembeni, "mdogo wangu hebu tuitoe nje juani," akachanganya spiriti na maji akafuta kipande kidogo, mafuta yakatoka, nikaona kila kitu mwenyewe. Hakunisema. Aliuliza tu pedi gani, kampaundi gani, yaani ile dawa ya kusugulia, unaosheaje kabla ya kugusa mashine. Kumbe tatizo lilianzia huko, naosha na ndoo moja, sponji linarudi kwenye maji yaleyale yenye vumbi letu hili la Arusha, unausugua mchanga kwenye rangi ukidhani unasafisha.

Sasa jamani, tuache kupeana sifa za uongo. Mtu kanunua vifaa kwa jasho lake, kaamka alfajiri, wewe unaona kabisa anaharibu kliya ambayo ikiisha hairudi, unampa moto! Huo sio upendo. Na kumcheka mbele za watu nako sio ukweli, ni ukatili. Muite pembeni. Muulize kwanza alichotumia, tazameni gari juani, mwambie kosa na umwambie na namna ya kulirekebisha. Pembeni narudia, sio kwenye grupu. Na wewe unayeuliza ukiambiwa usinune, umeuliza mwenyewe.

Chalii nilimwandikia inboksi, nikamsifia matairi na dashibodi kwa sababu kweli alivifanya vizuri, kisha nikamwambia kuhusu boneti, nikamwambia afute na spiriti aone. Kanyamaza siku mbili. Nikajua nimempoteza. Jana usiku kajibu, "kaka nimeona, inauma, pedi laini napata wapi?" Jumamosi anapanda Arusha na gari, nimemwambia asiioshe njiani.