Azad viza haipo: jibu kwa muuguzi wa Maweni anayemfuata mumewe Dubai

SWALI: Mume wangu amepata kazi ya uhasibu katika hoteli moja Dubai, mkataba wa miaka 2, na mshahara wake unamruhusu kunichukua mimi na mtoto wetu. Mimi ni muuguzi mwenye shahada na nimefanya kazi miaka 5 katika kituo cha afya cha kibinafsi hapa Malindi. Kuna bwana mmoja mjini anatujia kila wiki. Asema nikienda kwa viza ya mke sitaruhusiwa kufanya kazi kamwe, kwa hivyo heri nimpe shilingi 250,000 anitolee azad viza, nikifika nifanye kazi popote. Ni kweli? Na kama si kweli, nikienda kwa udhamini wa mume naweza kuanza kazi mara moja? (Muuguzi, Maweni)

JIBU: Dada yangu, azad viza haipo. Naanza hapo kwa sababu huyo bwana ana wenzake wengi kutoka hapa hadi Mombasa, na haupiti mwezi bila mtu kuingia afisini kwangu na karatasi zao mkononi, mara nyingi akiwa amekwisha lipa.

Katika sheria ya Imarati, yaani Falme za Kiarabu ambamo Dubai imo, hakuna viza inayomruhusu mtu kuajiriwa popote apendapo kwa sababu tu ameinunua. Hiyo wanayoiita azad ni viza ya kawaida ya kazi, imeandikwa kwa jina la kampuni fulani ambayo haina kazi ya kukupa wala haina nia ya kukupa. Kampuni imeuza nafasi yake, dalali wa kule ameongeza chake, na wa hapa naye chake. Siku unayotua, mwajiri wako kisheria ni mtu usiyemjua, na kila unakofanya kazi ni kwa mwajiri asiye na kibali chako.

Mwaka jana alinijia binti mmoja, fundi wa kushona, hodari kabisa. Alitoa bahasha ya kaki, akanipangia karatasi mezani moja moja. Kwenye viza, mahali pa kazi yake, palikuwa pameandikwa msafishaji. Kampuni ilikuwa ya Sharjah, naye hakuwahi kuikanyaga hata siku moja. Alishona miezi 7 katika duka la nguo huko Deira, mtaa wa Dubai, hadi wakaguzi walipoingia, mwenye duka akasema hamjui. Ile kampuni ya Sharjah nayo ikaandikisha kuwa ametoroka kazini. Alirudishwa nyumbani na deni la chama, na bangili za mamake zilikuwa zimeuzwa zamani. Nilizisoma zile karatasi mara mbili nikitafuta pa kushika. Sikupata, kwa sababu mkataba aliotia sahihi ulikuwa wa usafishaji, na usafishaji huo hakuufanya hata siku moja.

Tangu sheria ya kazi ya Imarati ilipokazwa mwaka 2024, anayemwajiri mtu bila kibali anapigwa faini ya kuanzia dirhamu 100,000 hadi milioni 1, na anayemleta mtu nchini kisha asimpe kazi anaingia katika adhabu iyo hiyo. Madalali wanalijua hilo. Ndiyo maana siku hizi mwenye kampuni hukukana haraka kuliko zamani.

Sasa viza ya mke. Bwana huyo amekwambia nusu ya jambo, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Ni kweli kwamba viza ya ukaazi utakayopata kwa udhamini wa mumeo haikupi kazi. Inakupa kukaa. Lakini haikukatazi kuajiriwa. Mwajiri akikupenda, yeye ndiye anayekwenda katika wizara ya kazi ya Imarati kukuombea kibali, nawe unabaki chini ya udhamini wa mumeo vile vile. Ikiwa mwajiri yuko katika eneo huru la biashara (free zone), kama Jebel Ali, kibali hutolewa na mamlaka ya eneo hilo, si wizara. Kwa vyovyote, anayeomba na anayelipia ni mwajiri. Sheria yao ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Basi mtu wa Malindi anayekuuzia kibali cha kazi cha Dubai anakuuzia kitu ambacho si chake, na ambacho wewe hutakiwi kukilipia.

Kwa hivyo jibu la swali lako la pili ni hapana, huanzi mara moja. Unaanza kibali kikishatoka. Wengi hukosea katika wiki hizo za kungoja: rafiki anakwambia kuna mzee anataka kuangaliwa nyumbani kwake, ni saa chache tu, pesa mkononi. Kataa. Ukikamatwa unafanya kazi bila kibali, ukaazi wako uko hatarini, na mzozo huo utamfikia mumeo aliyekudhamini. Hata keki za kuuza kwa simu zinataka leseni kule.

Upande wa mumeo ni rahisi zaidi na hauhitaji ajenti hata mmoja. Anatakiwa awe na mshahara wa angalau dirhamu 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba ya kazi, na mkataba wa nyumba uliosajiliwa. Kitanda katika bweni la wafanyakazi wa hoteli hakihesabiki kuwa nyumba ya familia, kwa hivyo alitafute hilo mapema. Maombi anayafanya mwenyewe mtandaoni au katika vituo vya Amer, vya huduma za uhamiaji Dubai.

Kinachowakwamisha watu wa pwani ni cheti cha ndoa. Hicho chenu cha kadhi kiwe kile rasmi kilichosajiliwa, si ile karatasi mliyopewa siku ya nikaha. Kipigwe mhuri na Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi, kisha ubalozi wa Imarati, halafu kule kithibitishwe tena na kitafsiriwe kwa Kiarabu na mfasiri wa kisheria ikiwa hakina Kiarabu. Na kabla ya yote, keti na mumeo leo usiku mlinganishe herufi. Fatma kwenye cheti cha ndoa, Fatuma kwenye pasipoti, Fatima kwenye cheti cha shule: kwetu ni mtu mmoja, na hakuna anayeuliza. Karani wa Dubai anaona watu watatu. Mohamed na Muhammad ni hivyo hivyo. Hati ya kiapo mbele ya wakili mara nyingine hutosha, mara nyingine hutakiwa kurudi kwa msajili kurekebisha cheti chenyewe, na jambo hilo huchukua muda usioweza kuuharakisha ukiwa umeshapanda ndege.

Wewe kama muuguzi una safari nyingine tena, nayo inaanzia hapa Malindi. Usiingoje viza. Dubai leseni hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Dubai, Abu Dhabi wana idara yao, na falme nyingine ziko chini ya wizara ya afya ya Imarati. Fungua maombi ya Dubai mtandaoni sasa. Vyeti vyako vitapelekwa kwa DataFlow, kampuni ya kuhakiki vyeti, ambao hawakubali nakala yako kwa macho tu, wanaandikia chuo chako, Baraza la Wauguzi la Kenya na mwajiri wako wapate uthibitisho wao wenyewe. Ndiyo maana nakuomba umalizane vizuri na hicho kituo chako, upate barua ya kazi yenye tarehe kamili za kuanza na kumaliza, na umwambie anayeshughulikia wafanyakazi kwamba ataulizwa. Nimeona faili ya nesi mzuri imelala kwa sababu barua pepe ya uthibitisho ilimwendea meneja aliyekwisha hama. Baada ya hapo kuna mtihani wa kompyuta. Ukifaulu unatambuliwa kuwa unastahili, lakini leseni yenyewe huwashwa pale hospitali au kliniki inapokuajiri. Usikae pia ukapoteza muda mrefu bila kugusa mgonjwa, maana pengo refu katika kazi huwaletea wauguzi masharti ya ziada.

Waajiri wanawapenda wake waliokuja kwa udhamini wa waume, kwa sababu hawagharamii viza wala nyumba yao. Wengine hutumia hilo kuwapunguzia mshahara. Wewe lijue, ulitaje katika mazungumzo. Kiinua mgongo cha siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza ni haki yako kama mfanyakazi mwingine yeyote ukishatimiza mwaka, hata kama viza yako ni ya mume. Na kukaa chini ya mumeo kuna faida: kazi ikikushinda, hutolewi nchini na mwajiri. Hatari yake ni upande wa pili, kwamba kazi ya mumeo ikikatika, ukaazi wako unafuata, na mtakuwa na muda maalumu tu wa kujipanga.

Huyo bwana akirudi wiki hii, mwombe vitu viwili. Kwanza, cheti cha Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kinachomruhusu kupeleka watu nje, kisha ulitafute jina hilo wewe mwenyewe katika orodha ya mamlaka, usisome karatasi yake. Pili, ofa ya kazi yenye nambari ya wizara ya Imarati, ambayo yeyote anaweza kuihakiki katika tovuti ya wizara hiyo. Ofa hiyo itataja mwajiri, cheo na mshahara. Ikisema msafishaji na wewe ni muuguzi, umeshajibiwa. Na asichukue pasipoti yako, hata kwa kusema anaipiga picha tu arudishe kesho. Ikiwa tayari anayo, nenda ukaidai leo ukiwa na mumeo au nduguyo, na akikawia uende polisi uandikishe.

Zile shilingi 250,000, dada yangu, anza kuzitumia kwa mihuri ya Nairobi, DataFlow na mtihani. Chukua risiti ya kila kituo, uzitie katika faili moja pamoja na barua ya kazi yako.