Kabla hujachonga hiyo klampu, vaa glavu mbili

Simama hapo hapo. Usimtumie fundi wa CNC, ile mashine ya kuchonga chuma kwa kompyuta, hata shilingi.

Nimesoma uzi wako mara mbili. Unataka kuunda klampu rahisi ya vile vyuma vya nje vinavyoshikilia mfupa uliovunjika, iwe na kitasa cha kugeuza kwa vidole ili daktari asihangaike na spana. Unauliza utumie alumini au plastiki ya printa ya 3D, fito za kaboni zinapatikana wapi Nairobi, vibali vinaanzia ofisi gani, na kama vipande 100 vinatosha kwa kuanzia. Hiyo mia ndiyo imefanya chai yangu ipoe. Mimi nilichonga 120. Ziko chini ya kitanda Umoja, ndani ya katoni ya sabuni, na kila nikifagia zinanigonga kidole cha mguu.

Klampu yenyewe ilikuwa nzuri, nisikudanganye. Upande mmoja inashika pini ya milimita 5 inayoingia mfupani, upande wa pili fito ya milimita 11, na katikati kitasa cha mviringo, laini, kinang'aa kama sufuria mpya ya Kamukunji. Niliifunga kwenye mfupa wa ng'ombe kutoka soko la nyama la Burma, nikaning'iniza mzigo, haikuteleza. Nikapima mkazo, namba zikatoka safi. Nikakopa sh 340,000 kwenye Sacco, karakana moja ya Industrial Area ikachonga zote kwa mkupuo.

Sasa jiulize ni nani alikuwa akizifunga wakati wa kupima. Mimi. Mikono mikavu, nimeketi, taa juu ya meza, redio inaimba.

Daktari mmoja wa mifupa akanipa nusu saa kwenye chumba cha mafunzo. Akavaa glavu mbili, moja juu ya nyingine, kama wanavyofanya kwenye upasuaji wa mifupa kwa sababu ncha za mifupa na pini hutoboa. Akamwambia sista ammwagie maji ya chumvi mikononi, na kwa kuwa damu hatukuwa nayo, akaongeza mafuta kidogo. Akashika kitasa, akageuza. Vidole vikazunguka. Kitasa kikabaki pale pale. Akakibana kwa nguvu zaidi, glavu ya juu ikaingia kwenye ufa kati ya kitasa na taya, ikajikunja, ikachanika. Alipovuta mkono, kipande cha mpira kikabaki humo ndani. Wakati ninahangaika kukitoa, washa yangu, kile kipete bapa kinachokaa chini ya nati, ikadondoka sakafuni, ting.

"Hiyo sasa si yetu tena," akasema sista, maana kilichogusa sakafu si safi kwa upasuaji, wala hakuinama kuiokota.

Daktari akaomba spana. Spana gani, na kitasa ni duara tupu? Hakuna pa kushikia. Tukatumia koleo, kikakwaruzika chote. Nusu saa haikuisha. Tulimaliza kwa dakika kumi na moja na nikaambiwa asante kwa sauti ile wanayowapa jamaa wa marehemu.

Na nisimsahau mshauri wangu wa biashara changa. Alinilipisha vizuri, akaniambia nisipoteze muda na watu wa thieta, anayelipa ni ofisi ya ununuzi, "daktari atazoea." Atazoea! Saa nane usiku, kijana wa boda boda ameletwa kutoka Thika Road, mfupa wa muundi umetokeza nje ya ngozi, halafu mtu aanze kuzoea kitasa chako? Yule bwana hata plasta ya kidole sidhani amewahi kubandika.

Kwa hiyo sikia: usichonge chuma hata kimoja kabla watu watatu wasiokupenda hawajaifunga na kuifungua klampu yako wakiwa na glavu mbili zilizolowa, bila kukuuliza lolote. Plastiki ya printa ni ya kazi hiyo tu. Ile ya kawaida, PLA, huanza kulegea karibu na nyuzijoto 60 za Selsiasi, na otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu kwenye vifaa, hupika kwa 121 au 134, kwa hiyo usiote kumpelekea mgonjwa.

Nilipoanza upya na plastiki ya bei ya mandazi, glavu zilinifundisha kuliko chuo. Kwanza, nilikuwa naichukia spana bure. Daktari mpasuaji Albin Lambotte wa Ubelgiji alifunga fremu yake ya nje ya kushikilia mfupa mwaka 1902, na mpaka leo watu bado wanakaza nati. Si ujinga, ni kwamba spana ina mkono mrefu na vidole vyenye utelezi havina. Vidole viachie kushikilia tu wakati daktari ananyoosha mfupa, halafu kichwa cha pembe sita kikazwe kwa spana ya kawaida, inayopatikana hata Kirinyaga Road ile ya hospitali ikipotea. Nayo hupotea kama soksi. Pia, sehemu zote zishikane, kisiwepo kitu cha kudondoka, na klampu iingie kwenye fito kutoka ubavuni. Ukimlazimisha mtu aipitishe kutoka mwisho wa fito, siku akisahau moja atafumua fremu nzima.

Vibali ni Bodi ya Famasia na Sumu, lakini wewe huko hujafika, tulia.

Leo jioni nenda duka la dawa, nunua boksi la glavu za saizi yako na jingine la saizi kubwa. Ukikosa maji ya chumvi, mafuta ya kupikia yanatosha. Na huyo utakayempa ajaribu asiwe mchumba wako. Wangu alisema inafungika vizuri sana.